UZI: Kupima akili kwa jaribio na kwa dodoso la mgonjwa – PROMIS, NIH Toolbox, MoCA na mahali hesabu zinapoharibika

#1 MizaniYaAkili

Wakuu, habari za jioni. Maswali ya kupima utambuzi (kumbukumbu, umakini, kufikiri) na afya anayoieleza mgonjwa mwenyewe yanajirudia sana humu, mara kwenye uzi wa takwimu, mara kwenye uzi wa mapendekezo ya utafiti. Tuyakusanye hapa. Naanza na linaloharibu tafiti nyingi kuliko mengine yote.

Kuna jaribio na kuna dodoso. Kwenye jaribio unampa mtu kazi, unaangalia kafanya nini, kakosea wapi na katumia muda gani. Kwenye dodoso unamuuliza yeye: siku 7 zilizopita, akili yako imekuendeaje? Vyote viwili vinaandikwa "kupima utambuzi" kwenye pendekezo, halafu matokeo yakitoka mtafiti anashangaa mbona havikubaliani.

Mfano wa jaribio ni NIH Toolbox ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2012. Seti ya utambuzi ina majaribio 7 na huchukua kama nusu saa kwenye iPad. Matano yanapima wepesi wa akili papo hapo (umakini, kubadili kanuni, kushika orodha kichwani, kumbukumbu ya mfuatano wa picha, kasi ya kulinganisha michoro), na mawili yanapima ujuzi uliokusanywa maishani (msamiati wa picha na kusoma kwa sauti). Mfano wa dodoso ni PROMIS, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Kazi kubwa ya zote mbili imepitia Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago.

Sasa shida yenyewe. Wagonjwa wa saratani waliopewa kemotherapia hulalamika kwamba wanasahau na wanapoteza maneno. Ukiwapa jaribio, wengi wanapata alama za kawaida. Uhusiano kati ya malalamiko na alama za jaribio ni mdogo tafiti kwa tafiti, lakini malalamiko hayohayo yanakwenda sambamba na sonona, wasiwasi, uchovu na usingizi mbovu. Hii haina maana kwamba mgonjwa anadanganya. Jaribio linafanyika chumba kimya, kazi moja kwa wakati, mtu kajikaza kwa nusu saa. Dodoso linauliza juma zima la kazini, sokoni na kwa watoto.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua kipimo, jiulize unataka kujibu nini. Kama dawa inaharibu kumbukumbu, weka jaribio. Kama mgonjwa anaweza kurudi kazini na anajionaje, dodoso halikwepeki. Ukiweka vyote viwili, usivijumlishe kuwa alama moja. Na pima sonona pembeni, la sivyo hutajua dodoso lako la utambuzi limepima nini.

---

#2 Kibwana_Takwimu

Mkuu umegusa penyewe. Naongeza kuhusu PHQ-9, kwa sababu ndiyo watu huiweka pembeni kupima sonona. Swali la 7 linauliza kuhusu shida ya kukazia mambo akili, kama kusoma gazeti. Ukiona PHQ-9 inahusiana na dodoso la utambuzi, sehemu ya uhusiano huo ni swali hilohilo limeulizwa mara mbili. Rudia hesabu ukiwa umeliondoa, uone uhusiano unashuka kiasi gani.

---

#3 dada_wa_kliniki

Naomba msaada wa kusoma alama. Mgonjwa ana 38 kwenye PROMIS ya utambuzi, baada ya miezi mitatu ana 43. Daktari anaandika "amepata nafuu". Ni sahihi?

---

#4 Kibwana_Takwimu

Dada, twende taratibu.

Alama ya PROMIS ni alama T: wastani 50, mchepuko sanifu (jinsi alama za watu zinavyotawanyika) 10, na kipimo kimeegemezwa kwa idadi ya watu wa Marekani. 38 maana yake yuko chini ya wastani huo kwa mchepuko 1.2. Angalia na mwelekeo. PROMIS hupanda kadiri kitu kinachopimwa kinavyozidi. Utambuzi ukipanda ni heri, sonona ikipanda ni balaa. Kuna grafu zimechapishwa mistari miwili inapanda pamoja na msomaji anadhani zote ni habari njema.

Kila alama inakuja na kosa lake sanifu, yaani kiasi inachoweza kuyumba kwa sababu ya kipimo chenyewe. Toleo la kompyuta linalochagua maswali kwa kufuata majibu huuliza angalau maswali 4, halafu husimama kosa likishuka chini ya alama 3 au maswali yakifika 12. Tuchukue kosa la 3. Basi 38 ya kwanza, kwa uhakika wa asilimia 95, iko kati ya takribani 32 na 44. Hapo tayari 43 imo ndani.

Kwa tofauti ya alama mbili unaunganisha makosa mawili: 3² + 3² = 18, kipeuo cha pili chake ni 4.24, zidisha kwa 1.96 unapata 8.3. Mgonjwa mmoja lazima asogee zaidi ya alama 8 ndipo useme kwa ujasiri kwamba siyo kelele za kipimo. Yeye kasogea 5. Daktari aandike "hakuna badiliko la hakika", na amuulize mgonjwa mwenyewe.

Kwa kundi ni hesabu nyingine, kwa sababu kelele za watu wengi zinafutana. Tofauti ndogo yenye maana kwa PROMIS hukadiriwa kati ya alama 2 na 6, kutegemea ugonjwa na njia ya kukadiria. Msichukue namba ya kundi mkaibandika kwa mtu mmoja. Ndilo kosa ninaloliona sana kwenye ripoti za hospitali.

---

#5 dada_wa_kliniki

Nimeelewa, asante. Na akiacha swali moja wazi kwenye fomu ya maswali 8?

---

#6 Kibwana_Takwimu

Jedwali la kugeuza jumla kuwa alama T ni la aliyejibu yote 8 (jumla inakwenda 8 hadi 40). Akiacha moja, usijaze sifuri na usijaze wastani kwa mkono. Ingiza majibu yake kwenye huduma ya mtandaoni ya kukokotoa alama ya HealthMeasures, wasambazaji wa PROMIS. Yenyewe inatumia mpangilio wa majibu yaliyopo na kukupa kosa sanifu kubwa kidogo, kama inavyostahili. Dawa bora zaidi ni msaidizi wa utafiti kupitia fomu kabla mtu hajanyanyuka kwenye kiti.

---

#7 Mwl_Sefu

Mnaongea kama vipimo hivi vimezaliwa Kariakoo. Tuje kwenye tafsiri, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka halafu wanalaumu takwimu.

Mfano tulionao nyumbani ni SF-36, dodoso la maswali 36 kuhusu afya kwa ujumla. Kiswahili chake kilijaribiwa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1999. Dodoso la asili linataja kazi za wastani kama kusukuma mashine ya kufyonza vumbi, kubiringisha mpira wa kuangusha vigingi na kucheza gofu. Ukitafsiri neno kwa neno, mama wa Temeke atajibu nini? Kinachohamishwa ni uzito wa kazi: kama anayeishi pale hutumia nguvu hiyo kufagia uwanja au kubeba ndoo, basi andika hivyo, halafu uthibitishe kwa takwimu kwamba swali bado linakaa kwenye ngazi ileile ya ugumu.

Hatua zinazokubalika: watafsiri wawili kila mmoja peke yake, lugha ya mama Kiswahili, mtu wa tatu anaoanisha, mwingine ambaye hajaona dodoso la asili anarudisha kwenye lugha ya kwanza, kamati inalinganisha, halafu mahojiano na watu wa kundi lengwa, 5 hadi 8 angalau. Mahojiano haya ndiyo watu huyaruka, na ndiyo yenye faida. Usimuulize mtu "umeelewa?" Atasema ndiyo kwa heshima. Mwambie: nirudishie swali hili kwa maneno yako. Ulipochagua "mara nyingi" ulikuwa unafikiria tukio gani? Je, siku 7 ulizihesabu kutoka lini?

Hilo la mwisho lina sababu. "Wiki iliyopita" kwa wengi ni Jumatatu hadi Jumapili iliyokwisha, siyo siku saba kurudi nyuma kutoka leo. Andika "siku 7 zilizopita, pamoja na leo" na utaje siku ya kuanzia.

Lingine ni maswali ya kukanusha. "Je, hukupata shida kukumbuka?" Mmoja anajibu "ndiyo" akimaanisha ndiyo, sikupata. Mwingine anasema "hapana" akimaanisha jambo lilelile. Fomu ikisomwa kwa sauti, kukanusha kwenye swali ni kutupa data. Geuza swali liwe la kukubali.

La tatu ni neno "mawazo". Ukiandika kwamba mtu amekuwa na shida na mawazo yake, umeshauliza msongo. "Ana mawazo" kwa Mswahili ni mtu mwenye jambo linalomtafuna. Dodoso la utambuzi linageuka la sonona bila mtu kujua, kisha mtafiti anaandika kwamba vitu hivi viwili vinahusiana sana Afrika Mashariki.

---

#8 Nyanya_Chungu254

Mwalimu, kwa upande wetu Kenya ongeza ngazi za majibu. "Mara chache", "wakati mwingine", "mara kwa mara", "mara nyingi": usidhani kila mtu anazipanga ulivyozipanga wewe. Andika kila ngazi kwenye kadi, changanya, mpe mtu azipange kutoka ndogo hadi kubwa. "Mara kwa mara" hasa inazunguka. Wengine wanaiweka juu ya "mara nyingi", wengine chini. Kadi mbili zikibadilishana nafasi kila baada ya watu wachache, badilisha maneno, usibadilishe watu.

PROMIS ya utambuzi imerahisisha kwa kuweka idadi kando ya neno: mara moja, mara mbili au tatu, karibu mara moja kwa siku, mara kadhaa kwa siku. Zishike hizo idadi kwenye tafsiri. Kuna waliozikata ili fomu ionekane safi.

Na tafsiri ya Dar msiipeleke Lubumbashi mkasema ni Kiswahili. Fanyeni mahojiano upya.

---

#9 Mpimaji_Moshi

Tuje kwenye majaribio yenyewe, nako kuna mitego.

Saa ya MoCA, jaribio fupi la kuchuja matatizo ya utambuzi. Mtu anaambiwa achore saa inayoonyesha 11:10: mshale mfupi kwenye 11, mrefu kwenye 2. Kwa Kiswahili hiyo ni saa tano na dakika kumi. Mtafsiri asiyefikiri akiandika "saa kumi na moja na dakika kumi", mzee mwenye akili timamu ataweka mshale mfupi kwenye 5, na msahihishaji mwenye mwongozo wa kigeni atamnyima alama. Hata kwa maagizo sahihi, asiyezoea saa ya mishale anaweza kuuelekeza kwenye tarakimu 5 kwa sababu kasikia "tano". Amueni kabla ya kuanza utahesabuje kosa hilo, liandikwe kwenye mwongozo, wasahihishaji wote wafuate.

Kurudia tarakimu. Moja hadi tisa kwa Kiswahili zote zina silabi mbili. Kadiri maneno yanavyochukua muda kutamkwa, ndivyo yanavyoshikika machache kichwani. Ilishaonekana Wales mwaka 1980, tarakimu za lugha yao zikichukua muda mrefu kuliko za Kiingereza. Halafu sita na tisa ni sauti zilezile, s na t zimebadilishana nafasi, nne na nane zinafanana masikioni, tatu na tano zinaanza sawa. Kwa hiyo viwango vya Marekani havitumiki moja kwa moja, na orodha usitunge kwa bahati nasibu: usiweke sita na tisa jirani. Soma tarakimu moja kwa sekunde, sauti bapa, bila kuzifunga mafungu kama unataja namba ya simu.

Maneno yanayoanza na herufi fulani, dakika moja. Ukichagua K umeliua jaribio. Kula, kulala, kukimbia, kucheka... kila kitenzi kinaanza na ku-, mtu anamwaga thelathini bila kutafuta chochote. Au upige marufuku vitenzi na utoe mfano, au utumie aina badala ya herufi: taja wanyama wote unaowajua kwa dakika moja. Kwa wasiokwenda shule wanyama ni salama zaidi.

---

#10 Nyanya_Chungu254

@Mpimaji_Moshi, kwenye tarakimu: wengi huku hutaja namba kwa Kiingereza hata katikati ya Kiswahili. Mwachie achague lugha, lakini iandikwe kwenye fomu na ziara ya pili iwe lugha ileile.

---

#11 Mpimaji_Moshi

Sahihi kabisa.

Kuhusu elimu: MoCA ina alama 30, mpaka wa kawaida ni 26, na huongeza alama 1 kwa mwenye elimu ya miaka 12 au pungufu. Alama moja haitoshi kwa bibi ambaye hajawahi kushika kalamu. Hataweza kunakili mchemraba, na hilo halisemi chochote kuhusu ubongo wake. Ndiyo maana kipimo cha IDEA cha kuchuja dimenshia, kilichofanyiwa kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, kinatumia njiti za kiberiti: mpimaji anapanga umbo, mzee analipanga tena. Hakuna kalamu. Kina alama 15, na 7 kushuka chini humfanya mtu apelekwe uchunguzi kamili. Fanyeni mazoezi ya kupanga njiti kwenye meza yenye mwanga. Mzee mwenye mtoto wa jicho akishindwa kuziona mtamwandika dimenshia.

---

#12 dada_wa_kliniki

Kliniki za VVU wanatumia ile ya kugonga vidole. Inaaminika kiasi gani?

---

#13 Kibwana_Takwimu

Hiyo ni IHDS, kipimo cha kuchuja dimenshia inayotokana na VVU, ilichapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Marekani na Kampala. Sehemu tatu, kila moja alama 4, jumla 12. Kugonga kidole gumba na cha shahada kwa sekunde 5 (15 au zaidi unapata 4), mfuatano wa mkono ngumi, kiganja, ubavu kwa sekunde 10, na kukumbuka maneno manne uliyopewa mwanzoni. Alama 10 kushuka chini, mtu apelekwe mbele.

Kampala ilikamata asilimia 80 ya wagonjwa na kuwaachia kwa haki asilimia 55 ya wazima. Fanyeni hesabu. Watu 1,000, tuseme 100 kweli wana tatizo. Utakamata 80. Wazima 900, asilimia 45 yao ni 405, nao watanaswa. Umepeleka watu 485 kwa daktari ili upate 80, yaani mmoja kati ya sita. Kama kliniki ina daktari mmoja wa akili kwa wilaya nzima, umemzika. Kama kuchuja ni hatua ya kwanza tu na una muuguzi wa kufanya ya pili, inafaa. Kuitumia kama matokeo makuu ya utafiti, hapana.

Na sonona, baridi ya vidole, jeraha la mkono, vyote vinapunguza alama. Andika pembeni, usikae kimya.

---

#14 Fundi_Tableti

Kidogo kuhusu iPad, maana humu mnadhani kifaa hakina makosa.

Kwenye jaribio la Flanker (mishale, unabonyeza mwelekeo wa ule wa katikati) alama ya toleo la asili ina sehemu mbili: usahihi 0 hadi 5 na kasi 0 hadi 5. Usahihi ukiwa asilimia 80 au chini, kasi haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo mtu anayebonyeza haraka hovyo na mtu mwangalifu wa polepole wanaweza kuachana sana kwa sababu isiyo ya ubongo. Soma usahihi kwanza.

Kidole kirudi mahali pake pa kuanzia kila baada ya kubonyeza. Mkono ukielea hewani karibu na kioo, muda unadanganya. Vidole vikavu vyenye sugu havisomwi vizuri. Kitambaa chenye unyevunyevu kidogo pembeni kinasaidia. Toa kinga ya plastiki iliyochakaa. Tumieni modeli moja ya kifaa kwa utafiti mzima, kwa sababu kuchelewa kwa kioo kunatofautiana. Zima intaneti na arifa, funga kifaa kwenye programu moja, chaji iwe imejaa. Asiyewahi kugusa kioo apewe mchezo wa kubonyeza wa dakika chache kabla. Mazoezi yaliyomo ndani ya jaribio hayamtoshi.

Kwa Kenya magharibi, majaribio ya Toolbox yalishatafsiriwa kwa Kiswahili na Kidholuo kwa watoto. Waulizeni wenye kazi kabla ya kutafsiri upya kutoka sifuri.

---

#15 MizaniYaAkili

Tumefika penye nyama. @Kibwana_Takwimu, tueleze namna ya kuonyesha kwamba swali halimpendelei mtu wa lugha moja.

---

#16 Kibwana_Takwimu

Kwa kifupi: watu wawili wenye kiwango kilekile cha tatizo, mmoja kajibu kwa Kiswahili mwingine kwa Kiingereza, wawe na uwezekano uleule wa kuchagua "mara nyingi". Wasipokuwa nao, swali lina upendeleo.

Zana ya kawaida ni kifurushi cha lordif kwenye R, programu ya takwimu. Kinafanya rigresheni ya ngazi (hesabu ya kutabiri ngazi ya jibu) kwa kila swali mara tatu, kwa kutumia: alama ya jumla peke yake; alama na kundi; alama, kundi na mwingiliano wake. Tofauti kati ya ya kwanza na ya pili ni upendeleo sawia, kati ya ya pili na ya tatu ni ule unaobadilika kadiri tatizo linavyozidi. Kwenye kazi za PROMIS swali huwekewa alama ya hatari pale R² ya kubuni (kipimo cha jinsi hesabu inavyoeleza majibu) inapopanda kwa 0.02 au zaidi. Usitegemee thamani ya p (ya kupima kama tofauti ni ya bahati tu) peke yake. Sampuli ikiwa kubwa kila swali litaonekana baya. Chini ya watu 200 kwa kila kundi, msijisumbue.

Kabla ya hapo: ngazi ya majibu iliyochaguliwa na watu wasiofika 5 iunganishe na jirani yake. Hakikisha maswali yanapima kitu kimoja, na angalia mabaki, yaani kinachobaki kwenye majibu baada ya kuondoa kitu hicho kimoja: maswali mawili yenye uhusiano wa mabaki juu ya 0.2 kwa kawaida ni swali moja lililovaa nguo mbili. Alfa (kipimo cha jinsi maswali yanavyokubaliana) ya 0.96 msiisherehekee, mara nyingi ndiyo dalili hiyohiyo.

Swali likinaswa, msilitupe papo hapo. Kokotoeni alama za watu wote pamoja na marekebisho na bila marekebisho. Kama karibu kila mtu hasogei kuliko kosa lake sanifu, liache na uripoti. Kama linasogeza watu, rudi kwa Mwl_Sefu, kwa sababu jibu liko kwenye mahojiano.

---

#17 dada_wa_kliniki

La mwisho kutoka kwangu. Ziara moja, saa moja na nusu. Nipange vipi?

---

#18 Mpimaji_Moshi

Majaribio kwanza, mtu akiwa hajachoka, baada ya kuuliza miwani, kifaa cha kusikia, kama amekula na amelala. Orodha ya maneno iwe mwanzo, kisha weka dakika 20 hadi 25 kabla ya kumwomba aikumbuke. Muda huo ujaze kwa kazi zisizo za maneno: mishale, michoro, njiti. Usiweke "taja wanyama" hapo katikati kama orodha yako ina wanyama. Atakuletea simba na fisi ambao hukumpa. Ziara ya pili tumia orodha mbadala, na uwe na kundi la kulinganisha, maana watu hupanda kwa mazoea tu. Kundi lisilopewa dawa likipanda alama 3, toa 3 kwa kila mtu kabla ya kusema dawa imefanya kazi.

Mapumziko ya dakika 10, maji. Halafu madodoso, ukimsomea kama hasomi, kwa sauti ileile kwa wote, na ndugu aliyemsindikiza akae nje, kwa sababu mtu hasemi amesahau mbele ya mkwe wake.

PHQ-9 isiwe karatasi ya mwisho ya siku. Swali la 9 linauliza kuhusu kujidhuru au kutamani kufa. Likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, mtu asiondoke hadi aliyefundishwa amezungumza naye, na jina la huyo mtu pamoja na namba yake ya simu viwe vimeandikwa kwenye mwongozo kabla hamjamwandikisha mshiriki wa kwanza.